Kionjo cha Tano: Uchambuzi wa Kisa cha Mlo wa Majaribio Shela, Lamu

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja ya zamani Shela, msimu wa kaskazi. Nimeondoa majina ya watu na ya nyumba, na nimebadilisha mambo machache yasiyogusa maana ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa msimamizi wa meza usiku ule. Nimepewa idhini ya kuandika na mpishi mwenyewe, aliyesema kisa hiki kifundishwe kwa vijana wanaoingia kazi ya hoteli na nyumba za wageni.

Usuli

Mpishi ni mtoto wa Lamu. Alitoka akiwa kijana, akafanya kazi miaka kadhaa katika majiko ya Ulaya, kisha akarudi na nia ambayo wengi wetu tuliipenda tangu siku ya kwanza: kukichukua chakula cha kwetu na kukitengeneza kwa ufundi wa majiko makubwa ya dunia, kisha kukipakua nyumbani kwa bei ya heshima. Alipanga mlo wa vionjo kumi na moja, kwa watu kumi na wanne, juu ya dari ya nyumba ya ukoo wao. Wanane walikuwa wageni wa kulipa, shilingi 18,000 kila mmoja. Sita walikuwa watu wa Lamu, jamaa na majirani wazee, walioalikwa bure kwa heshima.

Kwa msomaji ambaye hajakaa kwenye mlo wa namna hiyo, nieleze. Huletewi orodha ya kuchagua. Mpishi amekwisha kukuchagulia, naye hukuletea kidogo kidogo, tonge moja au mawili kwa sahani, kwa saa tatu au nne. Kila sahani ina jambo la kukushangaza. Mkahawa wa elBulli, uliokuwa Roses, Hispania, chini ya mpishi Ferran Adrià, ndio uliopeleka mtindo huu mbali kuliko wengine hadi ulipofungwa tarehe 30 Julai 2011. Huko mwaka 2003 walianza kutengeneza vidonge laini vyenye ngozi nyembamba, ukivitia mdomoni vinapasuka na maji ya ladha yanamwagika. Alinea ya Chicago na Noma ya Copenhagen ni majina mengine ya njia hiyohiyo, kila moja kwa tabia yake.

Sharti la mlo huu ni kwamba mlaji amempa mpishi mdomo wake. Na hapo ndipo nilipoona tangu mwanzo kwamba jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Ukialikwa nyumba ya mtu Lamu huulizwi utakula nini. Sinia inaletwa, kawa inafunuliwa, unasema bismillahi, unakula. Hukagui kwa sababu unajua mwenye nyumba anakula kile unachokula, na amekipata pale unapokipata wewe. Anachoweza kukuficha ni kiasi cha bizari. Aina ya nyama hakufichi.

Maandalizi

Sehemu kubwa ya kazi ilikwenda vizuri sana, na nataka hilo lisomwe kabla ya mengine.

Kionjo cha kwanza kilikuwa vidonge vya dafu. Ili vidonge vishike, unga uitwao alginati, unaotokana na mwani wa kahawia, hukutana na kalsiamu na papo hapo kunatokea ngozi. Kwa kuwa maji ya dafu yana kalsiamu yake ya asili, alginati haiwezi kutiwa ndani ya dafu. Ingeganda kabla ya wakati. Kwa hiyo mpishi aligeuza njia: dafu likaongezwa kalsiamu kidogo, kisha likatoneshwa kwa kijiko ndani ya bakuli la maji yenye alginati, gramu tano kwa lita moja.

Siku mbili kabla ya mlo, bakuli lile lilikataa. Unga uligeuka madonge kama uji uliokosewa. Alirudia mara tatu. Aliyelitambua tatizo ni kijana wa jikoni, aliyesema maji ya bomba huacha magamba meupe kwenye birika la chai. Maji ya kisiwa hutoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na yale yaliyofika nyumbani kwetu yalikuwa mazito kwa chokaa. Kalsiamu ilikuwa tayari imo ndani ya maji. Walitumia maji ya mvua kutoka birika kubwa la nyumba la kuhifadhia maji, yakachemshwa na kuchujwa, na vidonge vikatoka laini kama macho ya samaki mbichi. Nilimwona mpishi akimkumbatia yule kijana.

Alikuwa makini pia na mambo ya dini, kwa kadiri alivyoyafikiria. Katika majiko aliyofanyia kazi divai huingia karibu kila mchuzi. Yeye aliitoa kabisa, akaweka ukwaju, ndimu na maji ya maembe mabichi. Nyama ilichinjwa na mtu tunayemjua. Mlo uliwekwa baada ya swala ya isha, saa mbili na nusu, ili asiwepo mtu wa kuondoka katikati.

Wageni wa kulipa walitumiwa maswali kwa simu wiki moja kabla: una mzio wa chakula gani, kuna kitu huli kwa sababu ya dini au afya, unatumia dawa gani zinazokataza vyakula. Mmoja alijibu kwamba kamba, kaa na jamii yao humvimbisha koo. Aliandaliwa vionjo vyake pembeni, kwa kisu chake na ubao wake. Wazee sita walialikwa kwa mdomo na mjomba wa mpishi, mlango kwa mlango, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyewauliza swali lolote.

Usiku wenyewe

Mpishi aliuchagua usiku wa mwezi kumi na nne ili dari ipate mwanga bila taa nyingi. Nahodha wa mashua alimwambia mapema: "Mwezi kumi na nne ni bamvua, maji yatakuwa yamekupwa saa mnazotaka kuondoka." Tulilisikia, tukaona ni jambo la mwisho wa usiku, tukaliacha.

Wazo moja alilokuwa nalo aliliacha mwenyewe. Heston Blumenthal, huko Bray nchini Uingereza, ana sahani ambayo mlaji huisikiliza sauti ya mawimbi kutoka kifaa kilichofichwa ndani ya kombe la bahari huku akila samaki. Mpishi wetu alikuwa ameandaa makombe. Alasiri alipanda darini, akasimama kidogo, bahari inasikika pale chini ya ukuta, akashuka akasema makombe yarudi kabatini.

Dafu lilipokelewa kwa kicheko cha furaha. Kionjo cha pili, kwa maoni yangu, ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote kwa ufundi. Ni mchuzi wa papa wa ng'onda, uliopikwa kwa ukwaju na pilipili manga kama wowote ule, kisha ukagandishwa kwa agari, unga wa kugandishia, ukaachwa udondoke polepole kwenye kitambaa usiku kucha. Kilichodondoka ni maji maangavu ya rangi ya asali, hayana hata chembe ya nyama. Yaliletwa ndani ya vikombe vidogo vya kahawa. Maalim mmoja, mzee wa madrasa, alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena. "Huyu ni papa," akasema. "Sasa yuko wapi?" Meza nzima ilicheka naye, na wageni wa mbali wakataka waelezwe papa wa ng'onda ni nini, hunuka vipi ukipita njia anapoanikwa, na kwa nini watu wanampenda hivyo. Bi Mkubwa aliyekuwa ameketi kando ya Maalim ndiye aliyewaeleza, na mjukuu wake akafasiri. Nilidhani usiku umekwisha kufaulu.

Kionjo cha tatu kilikuwa kasimile, yaani tui zito la nazi, iliyogandishwa, kipande cheupe cha ukubwa wa kipande cha halwa, na mchirizi wa ukwaju juu yake. Kililiwa na wote. Cha nne kilikuwa pweza.

Cha tano kililetwa saa nne na dakika kama tano. Ni nyama ya kaa ndani ya mchemraba wa ndimu na tangawizi, unaong'aa kama kioo. Maalim aliugusa kwa ncha ya kijiko. Ulitetemeka. Aliugusa tena, akaweka kijiko chini. Baadaye aliniambia ana mazoea ya kuzigeuza pakiti za peremende za wajukuu wake na kusoma yaliyoandikwa nyuma, na mtetemo ule anaujua.

Akamwita mhudumu, binti wa miaka ishirini na ushei, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiki kimegandishwa na nini?"

Binti hakujua. Hilo halikuwa kosa lake. Mpishi alikuwa ametukataza kueleza vilivyomo kabla mlaji hajaonja, na sisi wenyewe hatukuwa tumeelezwa. Alifanya jambo la sawa ambalo wengi wasingelifanya: hakubuni jibu. Alisema, "Sijui, Maalim, naenda kuuliza," akaja kwangu, nami nikashuka jikoni.

Jikoni nilimkuta mpishi akipanga kionjo cha sita. Nilimuuliza. "Ni jelatini," akasema, na mkono wake ukasimama palepale. Alitoa karatasi za jelatini kutoka begi alilokuja nalo kutoka Ulaya, na pakiti yenyewe ilikuwa imeshatupwa, zimebaki karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ipo ya ng'ombe, ipo ya samaki, lakini nyingi inayouzwa Ulaya ni ya ngozi ya nguruwe. Hakuweza kuapa ni ya nini. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikulijua: kasimile ya kionjo cha tatu ilikuwa na jelatini ileile.

Uamuzi

Tulikuwa na dakika mbili au tatu, na njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa kuwaondolea wazee kionjo cha tano kwa kisingizio chochote na kuendelea, cha tatu kikabaki siri. Ya pili ni kumwambia Maalim peke yake, kwa faragha, na kumwachia yeye aamue wengine waambiwe au la. Ya tatu ni kuwaambia wote.

Mtu mmoja jikoni alisema ya kwanza, tena kwa nia njema: wameshakula, hawajui, kuwaambia ni kuwatia uchungu wa bure. Mimi, nikiri, nilikuwa naelekea ya pili. Ilionekana ya adabu. Lakini ingemtwisha mzee mzigo wetu, awe yeye ndiye mwenye kuwatangazia wenzake jambo tulilolitenda sisi.

Mpishi alivua aproni, akanawa mikono, akapanda. Alisimama upande wa wazee, akasema kwa Kiswahili kwanza, kisha akarudia kwa Kiingereza. Alisema kionjo kilicho mbele yao na kile cha kasimile vina jelatini ambayo hajui asili yake, kwamba hakuuliza wakati ilikuwa kazi yake kuuliza, na kwamba anaomba radhi. Hakusema "huenda ni ya ng'ombe". Nilikuwa nimeogopa atalisema hilo.

Kimya kilikaa. Bi Mkubwa alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akainuka, akaenda kusukutua. Maalim alikaa kitambo, kisha akasema kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, na dhambi ingekuwa ya ajuaye akanyamaza. Akaongeza, "Lakini mwanangu, tumekula kwako kwa sababu ni kwako." Sahani zote kumi na nne za kionjo cha tano ziliondolewa, hata za wageni waliotaka kuendelea kula. Mpishi aliona haifai meza moja iwe na wanaokula na wanaotazama.

Tulipumzika kama dakika ishirini na tano. Kahawa chungu na tende zilitolewa. Mpishi alipanga upya vionjo vilivyobaki, akavifuta viwili vyenye povu ambalo lilishikiliwa na jelatini ileile.

Yaliyofuata

Kilichoirudisha meza ni kionjo kilichokuwa cha nane. Mikate ya mofa, ya mtama, ilikuwa ikiokwa uani, imebandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo, na harufu yake ilianza kupanda ngazi kabla ya mikate yenyewe. Mpango ulikuwa kila mtu apate kipande cha vidole viwili juu ya jiwe jeusi, na tone la mchuzi wa kupaka. Mpishi aliyaacha mawe. Alituma masinia, moja kwa watu wanne, changu wa kupaka mzima katikati, mikate pembeni, na birika na bakuli la kunawia likazungushwa. Bi Mkubwa alikula. Hakuwa amegusa kitu tangu aliporudi.

Tulimaliza saa sita na robo. Bahari ilikuwa imeanza kurudi lakini bado ilikuwa mbali na ngazi, na mashua ilikaa nje. Wageni waliokuwa wakirudi Lamu mjini walikunja suruali na kutembea kwenye tope hadi magotini. Wazee wawili wa mjini walilala Shela nyumbani kwa jamaa. Nahodha hakutuambia neno, na hakuhitaji.

Wageni wa kulipa walirudishiwa sehemu ya fedha zao bila kuomba. Asubuhi ya tatu, mpishi na mjomba wake walikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wazee sita. Watano walisema yamekwisha. Bi Mkubwa alisema amesamehe, lakini hatakula tena kwenye dari ile.

Uchambuzi

Watu waliposimuliwa kisa hiki, wengi walikimbilia kusema kwamba mlo wa majaribio haufai Lamu. Siamini hivyo, na nina ushahidi wa kikombe cha papa. Maalim aliweza kufurahia kile kionjo kwa sababu ulimi wake unamjua papa tangu utotoni. Mgeni wa mbali alionja mchuzi mzuri; Maalim alimwona samaki akitoweka. Ufundi ule ulimhitaji mtu wa Lamu ili ukamilike. Wazee, kama mpishi angelijua hilo tangu mwanzo, ndio waliokuwa walaji wake hasa, na asingewaweka mezani kama pambo la heshima.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, siku nyingi kabla ya jelatini. Wale waliolipa waliulizwa, na walioalikwa hawakuulizwa. Mgeni wa mbali tulimwona ni mtu mwenye masharti, jirani tukamwona tunamjua. Yule mwenye mzio wa kamba alikuwa salama kabisa usiku kucha kwa sababu swali moja liliandikwa kwenye simu. Na hata kama tungewauliza wazee, wangesema nini? "Tunakula chochote cha halali," basi. Swali la pili lilipaswa kumrudia mpishi: je, kila kitu kilichoko jikoni unakijua asili yake? Alikuwa ameitafuta pombe ndani ya kila chupa kwa sababu pombe ndiyo iliyomjia akilini. Jelatini haikumjia, kwa kuwa kwake ilikuwa kifaa tu, kama kitambaa cha kuchujia.

Kuhusu ufundi wenyewe, jelatini haikuhitajika. Agari ilikuwa kwenye rafu ileile. Ndiyo iliyousafisha mchuzi wa papa. Hutokana na mwani mwekundu, haina shaka. Nilimuuliza kwa nini hakuitumia kwenye kasimile, akanijibu kitaalamu: jelatini huyeyuka kwa joto la mdomo, ikateleza, na agari huvunjika badala ya kuyeyuka, kwani hutaka joto la karibu nyuzi 85 ili iwe maji tena. Ni kweli. Lakini kwa joto la kaskazi jelatini huanza kulegea kabla haijafika mezani, na usiku ule vipande vya kasimile vilikuwa vikitoka kwenye barafu kwa mbio. Agari ikitiwa kidogo sana na kusagwa baada ya kuganda hutoa ulaini unaokaribia ule. Sasa anafanya hivyo. Anasema ladha ya nazi imekuwa wazi zaidi.

Siri ya orodha ndiyo ninayobishana naye hadi leo. Yeye anasema ukieleza kilichomo, mshangao umekufa. Mimi nasema siri iwe kwa mlaji anayeitaka, isiwe kwa mhudumu. Binti yule alisimama mbele ya Maalim mikono mitupu. Sasa kabla ya kila mlo wahudumu huonja na kuelezwa kila kionjo, asili ya kila kitu, hadi kinachogandisha na kinachotia povu, na kila mmoja huandika kwenye kijidaftari kwa mkono wake mwenyewe. Mlaji asipouliza, haelezwi. Akiuliza, anajibiwa palepale, bila mtu kushuka ngazi. Pakiti hazitupwi mpaka mlo umalizike.

Kusema ukweli mbele ya wote lilikuwa jambo gumu na lililo sawa, lakini sitaki lisomwe kama dawa. Bi Mkubwa aliondoka na kitu ndani yake ambacho radhi haikukitoa. Kama tungenyamaza asingejua, na bado ningesema tulipaswa kumwambia. Gharama yake aliilipa yeye, hatukuilipa sisi, na kila ninayemfundisha kisa hiki namtaka alikumbuke hilo.

Maji ya bamvua ni kosa dogo kwa kulinganisha, ila la aina moja: aliyejua alisema, na hatukumsikiliza kwa sababu alikuwa nje ya jiko. Kijana wa birika alisikilizwa, nahodha hakusikilizwa. Milo ya sasa huwekwa siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na nahodha huulizwa kabla ya tarehe kutangazwa.

Kila Ijumaa mpishi hutuma mikate ya mofa nyumbani kwa Bi Mkubwa, imefunikwa kawa. Anaipokea. Darini hajarudi. Lakini sinia haijawahi kurudi tupu, na wiki iliyopita ilirudi na chupa ya achari ya maembe, na ujumbe kwa mdomo wa mtoto kwamba mtama wa safari hii haukusagwa vizuri.